Nani Alisema Kweli Kuhusu Lukuga?

Mwanzoni mwa Mei 1874 Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alifika kwa mitumbwi kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, karibu na ulipo sasa mji wa Kalemie, akakuta mlango wa maji uliosongwa na matete. Aliona maji yakitoka ziwani kuelekea magharibi, polepole, na mtawala wa eneo hilo akamwambia kwamba mto huo, Lukuga, unakwenda kuungana na Lualaba. Akaondoka ameridhika: ziwa lililowaumiza vichwa wanajiografia wa London tangu wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 lilikuwa limepatiwa njia yake ya kutokea. Julai 1876 Henry Morton Stanley akaingia mlango uleule akiwa na Para, mwongozaji aliyekuwa na Cameron, na Ruango, aliyemwongoza yeye na Livingstone mwaka 1871. Akaweka vitu vinavyoelea juu ya maji na kuvitazama. Upepo ukivuma kutoka ziwani, vilisogea ndani, ukitulia, vilirudi. Akahitimisha kwamba Lukuga haujawa mto unaotoka ziwani, ila utakuwa hivyo miaka michache ijayo, kwa kuwa ziwa lilikuwa linapanda. Mwaka 1879 Edward Coode Hore wa London Missionary Society, baharia aliyekuwa amefanya makazi Ujiji, akaenda kutazama na kukuta mkondo wa nguvu ukikimbilia magharibi. Joseph Thomson, aliyefika mwishoni mwa mwaka huohuo, akaona vilevile. Katika muda usiofika miaka sita, watu wanne wenye macho mazima walitoa majibu yasiyokaa pamoja: unatoka polepole, hautoki, unatoka kwa kasi.

Jibu la haraka ni kwamba mmojawapo alidanganya, na wasomaji wa Ulaya wa zama zile walikuwa wepesi kumshuku Stanley, ambaye kwa kweli hakuwa mtu wa kupunguza chumvi. Jibu la pili, lenye heshima zaidi, ni kwamba vyombo vyao vilikuwa vibovu. Hili lina ushahidi wake. Mwaka 1858 Speke alipima kimo cha ziwa kutoka usawa wa bahari kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, akapata futi 1,844. Kimo chenyewe ni kama mita 773, yaani futi zaidi ya 2,500. Kosa la mita 200 si dogo. Lakini kujua maji yanakwenda upande gani hakuhitaji kipimajoto wala barometa. Kunahitaji kitu kinachoelea na subira ya saa moja, na wote wanne walikuwa navyo. Dai la makala hii ni kwamba kila mmoja aliona kweli, na kwamba kilichowagombanisha ni wakati: walichukua sampuli chache mno za kitu kinachobadilika kwa mienendo mingi kwa pamoja. Kosa hilo ndilo wahandisi wa leo wanalolipiga vita kila wanapounganisha waya wa kihisio na mashine ya kurekodi, nao hulitaja kwa jina la aliasingi. Historia ya kupima katika njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora hadi Ujiji, inaonyesha vizuri kuliko kitabu chochote cha elektroniki kwa nini kosa hilo huzuiliwa kabla ya kipimo kuandikwa, wala si baadaye.

Tuanze na ziwa lenyewe. Mvua inayonyesha Cheyo na kata nyingine za Tabora hupita Igombe au Wala, huingia Malagarasi na kuishia Tanganyika. Rusizi huleta maji kutoka Kivu. Sehemu kubwa ya maji hayo hurudi angani kwa mvuke, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga. Kwa hiyo usawa wa ziwa hufuata majira: hupanda tangu mvua za Novemba, hufika juu karibu na Mei, kisha hushuka hadi Oktoba au Novemba. Tofauti kati ya juu na chini ni kama sentimita 80 kwa mwaka wa kawaida. Juu ya mwendo huo wa mwaka kuna mwendo wa saa na siku, unaoletwa na upepo, hasa kusi la kiangazi ambalo husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Na chini ya yote kuna mwendo wa miongo. Katika miaka ya 1870 ziwa lilikuwa likipanda kwa sababu mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na mchanga, tope na mimea. Mnamo 1878 maji yalizidi kizuizi, yakaking'oa, na katika miaka isiyozidi 20 ziwa likashuka kwa takriban mita 10. Mienendo mitatu, yenye kasi tatu, katika maji yaleyale. Anayefika siku moja na kuondoka huona jumla yake tu, na jumla haisemi ni sehemu gani imetoka kwa upepo, ipi kwa masika, ipi kwa kizuizi kinachosubiri kuvunjika.

Hebu turudi kwa wale mashahidi tukiwa na kalenda mkononi. Cameron alifika Mei, ziwa likiwa juu kabisa kwa mwaka ule; maji kidogo yaliyopenya katikati ya matete ndiyo hasa ya kutarajiwa. Stanley alifika Julai, ziwa limekwisha kuanza kushuka na kusi likivuma. Alichokiona vitu vyake vikienda na kurudi ni mwendo wa upepo, nao ulikuwa mkubwa kuliko mtiririko wowote ambao ungekuwepo chini yake. Hore na Thomson walifika baada ya kizuizi kuondoka, wakati ambapo mwendo wa miongo ulikuwa umeumeza mwendo wa mwaka. Hakuna haja ya kumvua mtu yeyote uaminifu wake. Hata Stanley, aliyempinga mwenzake hadharani, alikuwa sahihi juu ya jambo gumu kuliko yote, yaani kwamba mlango utafunguka baada ya miaka michache.

Msomaji anaweza kusema kwamba hii ni bahati mbaya ya wasafiri wachache, na kwamba wenyeji pamoja na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliokuwa wakipita kila mwaka wangeweza kutoa picha kamili. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Wavuvi wa Ujiji na wapiga kasia wa ufuko wa magharibi walilijua ziwa kila siku, na laiti mtu angeandika waliyoyajua mwezi kwa mwezi, mabishano ya London yasingedumu. Lakini habari iliyofika Tabora, na kutoka Tabora kwenda Bagamoyo na Unguja, haikusafiri kila siku. Ilisafiri na msafara. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, nao walikuwa wakulima pia. Safari kubwa zilipangwa kwa ajili ya kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha, na wengi walitaka kuwa nyumbani wakati wa kulima. Kutoka Tabora hadi Ujiji ni mwendo wa karibu mwezi mzima ukiwa na bahati: Burton na Speke waliporudi mwaka 1858 waliondoka Ujiji mwishoni mwa Mei wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 20 Juni. Matokeo yake ni kwamba msafara ulilikuta ziwa katika majira yaleyale mwaka hadi mwaka. Mtu anayelitazama ziwa kila Agosti hataona kwamba linapanda na kushuka kwa sentimita 80. Ataliona limetulia, au linabadilika taratibu tu. Mwendo wa mwaka haupo machoni pake. Kisha ratiba ikivurugika, mwendo huo hutokea ghafla umevaa sura nyingine. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1871 vita vya mtemi Mirambo wa Urambo vilipoifunga barabara ya moja kwa moja. Stanley alilazimika kuzunguka kusini, akafika Ujiji karibu na Novemba, ziwa likiwa chini kabisa. Aliporudi katikati ya 1876 na kukuta maji yamefunika sehemu alikokuwa akitembea na Livingstone, alilinganisha mwisho wa kiangazi na mwisho wa masika, na tofauti yote akaiandika kwa jina la miaka mitano.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Vipimo visivyokaribiana vya kutosha haviachi tu mapengo. Mapengo yangekuwa afadhali, kwa sababu pengo huonekana. Kinachotokea ni kwamba mwendo wa haraka haupotei, bali huhamia kwenye mwendo wa taratibu na kuonekana kama ndio wake. Ziwa Tanganyika lina mfano wa pili wa hili, ulio chini ya maji. Tabaka la juu lina joto la nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi. Maji ya kina kirefu, katika ziwa lenye kina cha mita 1,470, hayatofautiani nayo kwa zaidi ya nyuzi tatu au nne. Kusi likivuma kwa wiki kadhaa husukuma maji ya juu kaskazini, mpaka kati ya tabaka hizo mbili ukainama: kaskazini unazama, kusini upande wa Mpulungu unapanda. Upepo ukilegea karibu na Septemba, mpaka huo huanza kuyumba kutoka upande mmoja wa ziwa hadi mwingine, polepole, mara moja kila wiki tatu au nne. Kwa mtu wa Kigoma aliyeshusha kipimajoto hadi kina cha mita 50 au 60, maji yaliyokuwa ya joto wiki hii yanaweza kuwa ya baridi wiki mbili zijazo bila hali ya hewa kubadilika hata kidogo.

Sasa tumpe mtafiti huyo boti, mafuta na posho ya safari moja kwa mwezi, kama bajeti nyingi zinavyoruhusu. Tuseme ziwa linayumba kila baada ya siku 28 kamili, naye anapima kila baada ya siku 30. Kila mara anapofika, wimbi limekwisha kumaliza mzunguko mmoja na siku mbili za mzunguko unaofuata. Safari ya kwanza huliona mwanzoni, ya pili mbele kidogo, ya tatu mbele zaidi, hadi baada ya safari 14, yaani siku 420, arudi pale alipoanzia. Katika daftari lake patakuwa na mchoro safi wa joto linalopanda na kushuka kwa miezi 14, na mtu mwenye bidii anaweza kuuhusisha na El Niño, na ukataji wa misitu ya Gombe, na chochote kile. Hakuna kipimo hata kimoja kilichokosewa. Akiamua kupima kila baada ya siku 28, ataona ziwa limesimama kabisa. Akipima kila wiki mbili, yuko ukingoni: akibahatika kukuta vilele ataona wimbi lote, akikuta katikati ya kupanda na kushuka hataona chochote. Ni lazima apime mara nyingi kuliko hapo, na ndiyo maana utafiti wa uvuvi wa Ziwa Tanganyika uliosimamiwa na FAO na kufadhiliwa na Finland katika miaka ya 1990 ulihitaji vituo vya kudumu Bujumbura, Kigoma na Mpulungu. Ziara za msimu zisingefaa.

Wavuvi wa dagaa wanatoa mfano wa tatu, na huu ni wa hatari zaidi kwa sababu unagusa takwimu ambazo serikali huzitumia. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa. Kwa miaka mingi zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri. Wakati wa mbalamwezi taa haivuti samaki, hivyo kazi hupungua au husimama, na giza likirudi mitumbwi hutoka tena. Mzunguko huu ni wa siku 29.5. Mkusanya takwimu akifika mwaloni kila tarehe 15 ya mwezi wa kalenda, ambao kwa wastani una siku 30.4, tofauti ya siku moja hivi itajilimbikiza. Kuna kipindi tarehe 15 itaangukia giza mwezi baada ya mwezi, na mavuno yataonekana mazuri. Kuna kipindi itaangukia mbalamwezi, na ziwa litaonekana limekwisha samaki. Mzunguko mzima wa udanganyifu huo ni siku zipatazo 990, au miaka 2 na miezi 8 hivi. Ni muda unaotosha kabisa kuandikia mpango wa kunusuru uvuvi na kisha kuusifu mpango huo kwa mafanikio.

Hesabu za jambo hili zilitoka katika biashara ya simu. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na nguzo za telegrafu zikiisindikiza. Swali lililowakabili wahandisi wa waya duniani kote lilikuwa ni alama ngapi zinaweza kupitishwa kwa sekunde bila kuchanganyikana. Harry Nyquist wa kampuni ya simu ya Marekani aliliandikia mwaka 1928, Vladimir Kotelnikov akatoa kanuni kamili ya sampuli mjini Moscow mwaka 1933, na Claude Shannon akaieneza mwaka 1949. Kwa ufupi inasema kwamba ili mawimbi yasijifiche, sampuli zizidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo ndani ya ishara. Watu wengi hukariri hayo ya mara mbili na kusahau maneno yanayofuata. Kanuni haizungumzii masafa ya juu unayoyataka. Inazungumzia yaliyomo, uyatake usiyatake. Simu ya kawaida ya kidijitali huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde, lakini kabla ya hapo sauti hupitishwa kwenye kichujio kinachokata kila kitu kilicho juu ya herzi 3,400 hivi. Bila kichujio hicho, sauti nyembamba za juu zingerudi chini na kusikika kama mikwaruzo ndani ya maneno.

Pingamizi linalokuja mara nyingi kutoka kwa watu wa kompyuta ni hili: kwa nini kujisumbua na kichujio cha waya wakati programu inaweza kulainisha data baadaye? Mfano wa ziwa umekwisha kulijibu. Mtafiti wetu wa siku 30 anaweza kulainisha mchoro wake apendavyo. Wimbi la uongo la siku 420 litabaki, kwa kuwa ndilo la taratibu, na kulainisha huondoa vya haraka na kuacha vya taratibu. Baada ya sampuli kuchukuliwa, nambari ya kweli na ya uongo hazina alama ya kuzitofautisha. Mtu anayesoma usawa wa maji bandarini hulijua hili hata kama hajawahi kusikia jina la Nyquist. Kifaa cha kupimia hukiweka ndani ya bomba lililosimama majini, lenye tundu dogo tu chini. Mawimbi ya boti na upepo hupiga nje ya bomba, lakini maji hayawahi kupita kwenye tundu kwa kasi hiyo, kwa hiyo ndani usawa hufuata tu kile kinachodumu kwa dakika nyingi. Ukubwa wa tundu ndio uamuzi wote: likiwa pana mawimbi huingia, likiwa jembamba mno hata kupanda kwa kweli huchelewa.

Katika ubao wa elektroniki kazi ya tundu hufanywa na rezista, na kazi ya bomba hufanywa na kapasita. Tuchukue mashine inayosoma kihisio mara 10 kwa sekunde, waya wake ukipita karibu na nyaya za umeme wa TANESCO wa herzi 50. Herzi 50 ni mara tano kamili ya 10, hivyo kila sampuli huangukia sehemu ileile ya wimbi la umeme na kosa huonekana kama nyongeza isiyobadilika. Gridi ikizidiwa na kushuka hadi herzi 49.9, kosa hilo huanza kutembea na kuwa wimbi la sekunde 10, laini kabisa, ambalo mtu angeweza kuapa kuwa limetoka kwenye kitu kinachopimwa. Rezista ya kiloomu 100 na kapasita ya mikrofaradi 1 huweka mpaka karibu na herzi 1.6, na kwenye herzi 50 hupitisha kama asilimia 3 ya kelele. Inatosha kwa mashine duni. Kwa kigeuzi cha biti 16, kinachogawa kipimo katika ngazi 65,536, asilimia 3 bado ni ngazi mamia au hata maelfu kutegemea ukubwa wa kelele. Hatua nne za namna hiyo zikifuatana, kila moja ikitenganishwa na nyingine kwa amplifaya, hupunguza kelele hadi karibu sehemu moja ya milioni, na hapo kigeuzi hakiioni tena. Jambo moja hukosewa sana: mashine nyingi zina kigeuzi kimoja kinachozungushwa kwa swichi kutoka njia moja hadi nyingine, na mnunuzi hufunga kichujio kimoja baada ya swichi ili kuokoa gharama. Kichujio cha hivyo huchanganya njia zenyewe kwa zenyewe. Kila njia inahitaji chake, kabla ya swichi.

Pingamizi lingine lina uzito zaidi. Hifadhi ya data ni rahisi siku hizi. Tuchukue sampuli nyingi mno, tuachane na mambo ya rezista. Hapa ushahidi mzuri upo katika njia ileile ya misafara. Mwaka 1994 na 1995 wanajiofizikia wa Marekani na Tanzania waliweka vituo 20 vya kupima mitetemo ya ardhi nchini, miongoni mwake Puge na Urambo, makao ya Mirambo aliyewahi kuifunga barabara. Kutokana na mitetemo ya mbali walionyesha kwamba mwamba wa kale unaoibeba Tabora una mzizi unaoshuka walau kilomita 200. Kazi za aina hiyo kwa kawaida huhifadhi sampuli kama 20 kwa sekunde, lakini ndani ya rekoda za kizazi hicho kigeuzi cha delta-sigma hufanya kazi kwa kasi mara nyingi zaidi ya hapo, halafu hesabu za kidijitali huchuja na kupunguza sampuli hatua kwa hatua. Kwa hiyo ni kweli: ukipima kwa kasi kubwa, kichujio cha waya kinaweza kuwa chepesi sana. Lakini hakiondoki, kwa sababu simu na redio zina masafa ya juu kuliko kigeuzi chochote cha shambani, na kila upunguzaji wa sampuli ndani ya mashine nao unahitaji kichujio chake. Kasi imehamisha mahali pa kuchuja tu.

Na hapo hapo ndipo lawama ya tatu inapozaliwa, kwamba kichujio nacho hupotosha. Ni kweli, na wanaosoma mitetemo wanalijua vizuri. Vichujio vikali vya kidijitali vilivyo sawia pande zote mbili huacha vijimawimbi kabla ya pigo la kwanza la tetemeko, kana kwamba ardhi ilitikisika kabla ya kutikisika. Anayetafuta sekunde halisi ya pigo hilo anaweza kuiwahi kimakosa. Hata hivyo umbo la kichujio limeandikwa ndani ya rekoda, namba kwa namba, na anayelijua anaweza kuondoa athari yake. Aliasingi haina karatasi ya maelezo. Kati ya kosa linalojulikana umbo lake na lisilojulikana kama lipo, sioni ugumu wa kuchagua.

Kuna hali moja ambamo haiwezekani kuweka bomba wala rezista, nayo imelirudia ziwa letu kutoka angani. Setilaiti ya TOPEX/Poseidon, iliyorushwa Agosti 1992, ilipita juu ya kila mahali pake kila baada ya siku 9.9 na kupima kwa rada usawa wa bahari, na wa maziwa makubwa kama Tanganyika pia. Maji kujaa na kupwa baharini, kati ya Bagamoyo na Unguja kwa mfano, hurudia kila baada ya saa 12 na dakika 25. Kwa jicho la setilaiti ile yalionekana kama wimbi la siku 62. Hakuna anayeweza kuituliza bahari kabla ya rada kupita. Wabunifu walichofanya ni kuchagua njia ya setilaiti ili mawimbi ya uongo yaangukie muda unaojulikana, na hasa kukwepa njia zinazofuata jua, ambazo zingeyageuza maji yanayoongozwa na jua kuwa kitu kisichosogea kabisa. Wengine hupendekeza kupima kwa nyakati za kubahatisha, na hilo husaidia kidogo: wimbi la uongo huvunjika na kuwa kelele iliyotawanyika. Kelele ni afadhali kuliko uongo laini, lakini inahitaji vipimo vingi ili kuishinda, na aliyekuwa na uwezo wa vipimo vingi asingekuwa na tatizo tangu mwanzo.

Pale ambapo sampuli zimekwisha kuchukuliwa vibaya na haziwezi kurudiwa, kinachobaki ni tarehe. Stanley aliandika kwamba miti mitatu iliyokuwa sokoni Ujiji mwaka 1871, ya jamii ya mchikichi, aliikuta mwaka 1876 ikiwa futi 100 hivi ndani ya maji. Kwa kuwa tunajua safari ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa kiangazi na ya pili muda mfupi baada ya masika, tunaweza kutoa sehemu kubwa ya zile sentimita 80 za mwaka, ambazo kwenye ufuko wenye mteremko mdogo wa Ujiji ni hatua nyingi za mchanga. Kinachobaki baada ya kutoa bado ni kikubwa kuliko mwendo wa majira, nacho ni kupanda kwa kweli kwa ziwa, ambako miaka miwili baadaye kulikiondoa kizuizi cha Lukuga.